Siku ya tatu mpe jembe, lakini shamba ni la nani?

SWALI: Mwalimu, mimi nauza madera na mitumba ya watoto hapa Nakuru, karibu na steji. Miaka hii mitatu vijana kutoka Burundi wamejaa: njugu, kahawa, sasa hata kava za simu. Kijana wangu wa kwanza alimaliza chuo, hana kazi, na anasema wafukuzwe wote kabla hawajamaliza riziki yetu. Lakini huyo huyo humsifu Mhindi wa duka la jumla ninakonunulia bidhaa, eti ndiye anayejua biashara. Na juzi mmoja wa hao Warundi ameniomba nimkodishie chumba changu cha nyuma kule Kaptembwo. Ni kweli wanatunyang'anya kazi? Kwa nini mgeni mmoja tunamtaka na mwingine hatumtaki? Na chumba nimpe au nisimpe? – Mama Brayo, Nakuru

JIBU: Mama Brayo, umeniuliza mambo matatu kwa pumzi moja, na la chumba ndilo jepesi. Hilo nitalijibu mwishoni. Hayo mengine mawili nimeyazungukia zaidi ya miaka thelathini, kwanza nikisomesha sosholojia, baadaye nikikalia vikao vya kusuluhisha majirani kuanzia Molo hadi Muhoroni, na bado kila kikao hunirudisha darasani.

Tuanze na kazi, maana ndiyo inayomkera Brayo.

Mwezi wa pili nilikuwa Nakuru nikingoja matatu ya Kisumu ijae, nikaketi karibu na mmoja wa hao vijana wa njugu. Huenda ni jirani yako. Alikuwa na beseni la plastiki, njugu za kukaangwa kwa chumvi, na kikombe kidogo cha kahawa cha kupimia. Karatasi za kufungia zilikuwa zimechanwa kutoka daftari la hesabu la mtoto wa shule. Yangu ilikuja na hesabu ya kugawanya, na mwalimu alikuwa ameitia kosa. Kikombe kimoja shilingi kumi. Nikamuuliza njugu anazitoa wapi. Huchukua kwa mkopo asubuhi kwa mama mmoja sokoni, analipa jioni. Wanakaanga wenyewe, wanalala watano chumba kimoja. Siku ya jua hubakiwa na mia nne. Mvua ikinyesha, mia na hamsini, na mkopo wa yule mama haujui mvua. Tukiwa katika hayo akapita mwanamume mwenye rungu na koti la mvua, akachota kiganja kizima, akatafuna, akaenda zake. Kijana hakusema kitu. Alisawazisha tu njugu kwa mkono lile shimo lizibike.

Fuata pesa hizo sasa. Mama wa sokoni anayekopesha njugu ni Mkenya, mwenye ploti ni Mkenya, makaa na unga na vocha vyote vinanunuliwa hapo hapo mtaani. Idadi ya kazi katika mji haikuwekwa siku moja ikakaa hivyo milele. Anayekuja kuuza huja pia kununua. Hili wachumi walishalichambua vya kutosha na sina haja ya kukuchosha nalo.

Lakini usimwambie Brayo kwamba hakuna anayeumia. Wasomi wengi huteleza hapo. Huja na takwimu za nchi nzima kumweleza mtu aliyepoteza wateja wake wa jioni kwamba hajapoteza. Kama palikuwa na mama wa Bondeni aliyeuza njugu peke yake kwenye steji hiyo, na leo ana wenzake wanane wanaojaza kikombe zaidi kwa bei ile ile, huyo ameumia. Hasira yake nisingeiita chuki. Ni hesabu.

Ninachouliza ni kama Brayo ndiye huyo mama. Hukuniambia alisomea nini, lakini iwe uhasibu, ualimu au umeme, kazi aliyoikosa haikushikwa na kijana wa beseni. Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2020 kwamba wageni wote wanaoishi Kenya ni kama milioni moja, karibu 2% ya watu wote, na karibu nusu yao ni wakimbizi, ambao wengi wako Dadaab na Kakuma, si kwenye steji ya Nakuru. Ila hao wa steji wanaonekana. Mtu anayetembea mtaa kwa mtaa na beseni utamwona mara nne kwa siku, na mara ya nne utaapa ni watu wanne. Aliyezuia ajira ya mwanao hapiti steji, kwa hiyo Brayo hajawahi kumwona.

Mimi sentensi ya "wamemaliza kazi zetu" niliisikia kwanza nikiwa na miaka minane, Kisumu, na ilikuwa ikisemwa juu yetu. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliamua kwamba kazi za chini Uganda ni za Waganda, na Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Waluo na Waluhya, wakafunga virago. Baba yangu mdogo alifika kwetu jioni na cherehani kichwani na godoro la pamba, kutoka Jinja. Alikuwa ameishi huko miaka kumi na mmoja. Alikaa kwetu hadi mahindi yakavunwa, na neno alilorudia ni kwamba jirani yake wa ukuta kwa ukuta, waliyekuwa wakiazimana chumvi, ndiye aliyemwonyesha askari mlango. Hakumlaumu sana. Alisema, "Aliambiwa mashine yangu itakuwa yake." Na leo Wakenya walio nje, kuanzia Doha hadi Boston, walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 kwa mwaka mmoja wa 2024. Kuna mtu huko naye anamtazama binti wa Njoro akisukuma kiti cha mgonjwa, na anasema yale yale ya Brayo.

Sasa Mhindi wa duka la jumla. Hapa ndipo swali lako lilipo zuri, kuliko ulivyodhani ulipoliandika.

Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Vibarua waliotolewa India kuijenga walikuwa karibu 32,000. Karibu 2,500 walifia kazini, na waliochagua kubaki mikataba ilipoisha hawakufika 7,000. Wenye maduka wengi si wajukuu wa vibarua hao. Walikuja wakiifuata reli, mfanyabiashara akimvuta mpwa wake na mpwa akimvuta shemeji. Alidina Visram alikuwa na maduka kuanzia pwani hadi ndani ya Uganda. Ukipanda kutoka Luanda ya Vihiga hadi Kakamega hadi Kitale, kila kituo cha soko kilikuwa na duka la mbao na bati, Mhindi ndani, gunia la sukari mlangoni.

Usidhani alipendwa. Bibi yangu alikuwa na masimulizi ya mizani ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alikuwa mgeni aliyesimama mahali ambapo mwenyeji alitaka kusimama, yaani nyuma ya kaunta. Mwaka 1967 serikali ya Kenyatta ikaleta sheria ya laisensi za biashara, na asiye raia hakuruhusiwa tena kufanya biashara kila mahali wala kuuza kila kitu. Wengi wakakimbilia Uingereza kabla Waingereza nao hawajafunga mlango mwaka 1968. Sensa ya 1962 ilihesabu zaidi ya Waasia 176,000 nchini. Ile ya 2019 ilihesabu Wakenya wa asili ya Asia 47,555, na hata ukiwaongeza wasio raia hawafiki 100,000. Maduka ya Luanda na Yala yakapita mikononi mwa watu wa huko huko.

Ona basi kilichotokea. Mhindi alihama kutoka kibanda cha jirani yako hadi duka la jumla. Hashindani nawe tena; anakuuzia, wewe unamuuzia mteja, na mwenye kukupa mali ni vigumu kumwita mwizi wa mali. Mapenzi yakaja baada ya ushindani kwisha. Julai 2017 serikali ikawatambua kuwa kabila la 44, na watu wakapiga makofi. Kisumu ilishatangulia: Shakeel Shabbir alikuwa meya wa mji, akachaguliwa mbunge mara ya kwanza mwaka 2007, na 2017 akarudishwa akiwa mgombea huru, katika mji ambao mgombea huru huhesabiwa ni mtu aliyejipoteza. Brayo wa mwaka 1967, Mama, alikuwa akisema juu ya Mhindi maneno haya haya anayosema mwanao juu ya Mrundi. Ukitaka kujua jambo ni la rangi au la kaunta, ngoja mtu aondoke kwenye kaunta.

Lakini kaunta peke yake haitoshi, na hapa naomba unisikilize kidogo, maana ndicho hasa ninachokiamini.

Sisi wa huku magharibi na Bonde la Ufa tulikuwa na majina ya mgeni kabla pasipoti haijabuniwa. Waluo wana jadak, mtu aliyekuja akapewa mahali pa kulima na wenye ardhi, weg lowo. Waluhya wana omumenya, mkaaji katika ardhi ya ukoo usio wake. Wakikuyu wana muhoi, aliyeomba shamba akapewa alitumie. Ukiyatazama, hakuna hata moja lenye maana ya adui. Jadak alikaribishwa, aliozwa, watoto wake walichunga pamoja na wa mwenyeji. Pale Wanga, Nabongo Mumia, mfalme wao, aliwapokea Waswahili wa misafara ya pwani, wakajenga, wakaoa, na Mumias ina Waislamu wenye Kiswahili cha babu zao mpaka leo. Wageni tulijua kuwapokea.

Ila jadak alikaa kwa sharti lisiloandikwa. Alime, ale, azae, lakini kwenye baraza la ukoo asikilize zaidi ya kusema. Na baada ya vizazi vitatu, siku ya ugomvi wa mpaka wa shamba, mtu angesimama aseme, "Kumbukeni mlikuja." Nimeisikia kwa masikio yangu, Muhoroni, akiambiwa mzee wa miaka sabini ambaye baba yake alizaliwa hapo hapo.

Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huwa tunaitumia kumkejeli mgeni mvivu. Lakini ukimpa mtu jembe, Mama Brayo, umempa na pa kulipigia. Atapanda, na aliyepanda atataka kuvuna, na akivuna misimu kumi atasema hapa ni kwangu. Hofu yetu iko hapo. Kwa miaka yote niliyoangalia jambo hili, sijaona mgeni akipimwa kwa umbali alikotoka. Tunampima kwa anachoweza kudai. Mzungu mtalii ametoka mbali kuliko wote na hatumwogopi hata kidogo: hana jembe, hana kura, na hatazikwa hapa. Mchina alipoanza kuleta tilapia wa barafu Kisumu, akina mama wa Kibuye walilia, tena kwa haki, lakini hakuna aliyesema Mchina ataiba mji. Kelele zilikuwa za bei ya samaki.

Anayeogopwa kweli ni aliye karibu. Hapa naingia mahali panapouma, na najua unaishi Kaptembwo, kwa hiyo nitasema polepole.

Miaka ya 2014 na 2015 watafiti wa Afrobarometer waliuliza watu katika nchi 33 za Afrika kama wangekubali kuishi na jirani wa namna fulani. Waliosema wangempenda jirani wa kabila lingine, au hawangejali, walikuwa 91%. Kwa mhamiaji au mfanyakazi wa kigeni, 81%. Ukisoma hivyo utadhani Mkisii wa mlango wa pili ana usalama kuliko Mrundi. Siku za kawaida ndivyo. Lakini Mrundi hajawahi kuitwa doadoa, yaani doa la kuondolewa mahali. Neno madoadoa, ambalo tume ya uwiano wa kitaifa ililitia kwenye orodha ya maneno ya chuki mwaka 2022 pamoja na kwekwe, halikutungwa kwa ajili ya watu wa Bujumbura. Lilitungwa kwa ajili ya Mkenya mwenye kitambulisho, shamba na kura. Mrundi hana kura ya kubadilisha gavana wako, na ndiyo maana anafukuzwa kwa mdomo tu.

Mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, nilijitolea kuandikisha watu waliokimbilia uwanja wa maonyesho Nakuru. Fomu ilikuwa na safu ya "nyumbani kwenu asili". Akaja mama mmoja mwenye watoto watatu na sufuria moja, karani akamuuliza nyumbani ni wapi. Akasema, "Kaptembwo." Karani akasema, hapana, nyumbani. Akasema, "Kaptembwo, karibu na kile kisima." Karani akaweka kalamu chini. Mwishowe mtu mwingine aliyesimama foleni ndiye aliyemsaidia, akamtajia wilaya ya babu ya mumewe, akaandikwa huko. Mama mwenyewe hakuwahi kufika. Basi lililopangwa kuwarudisha watu "kwao" lingempeleka akawe mgeni halisi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliouawa nchini wakati ule kuwa 1,133. Mimi nikilala naikumbuka ile safu ya fomu.

Kwa maana ukiuliza nani mwenyeji wa Nakuru, utapata kimya. Wamaasai waliokuwa wakilisha huko walihamishwa kwa mapatano ya 1904 na 1911, kama mapatano ndilo neno lake. Reli ilipofika, wakaja Wazungu wa mashamba, Wahindi wa maduka, Waluo wa reli, Wakikuyu na Waluhya wa vibarua, Wakalenjin, Wanubi waliokuwa askari. Wote hao walishuka kituoni na mzigo. Na tukirudi nyuma, hadi 1902 hakukuwa na Kenya huku kabisa: Nakuru na Kisumu zilikuwa ndani ya mkoa wa mashariki wa Uganda, kisha Waingereza wakausogeza mstari. Ndiyo maana Idi Amin aliweza kusimama mwaka 1976 akadai ardhi mpaka karibu na Nairobi. Kelele zake zilikuwa za kichaa lakini ramani aliyoishika mkononi haikuwa ya kubuni. Nenda Busia leo ukawatafutie Wasamia mpaka wao. Mjomba yuko Uganda, harusi iko Kenya, na kuku anavuka bila stempu.

Wanubi niwataje kidogo, maana wakiachwa jibu langu litakuwa la uongo. Babu zao walitolewa Sudan wakawa askari wa Mwingereza, na Kibos nje ya Kisumu wameishi vizazi kadhaa. Hata hivyo, kwa miaka mingi kijana wao akienda kutafuta kitambulisho aliulizwa maswali ambayo Brayo hakuulizwa. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaacha wakue bila uhakika wa uraia. Zaidi ya miaka mia moja, na siku ya tatu bado haijafika.

Umwambie nini Brayo, basi? Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote Kenya, na hicho anakijua kwa sababu kinamfaa yeye akitaka kazi Mombasa. Kwa Mrundi kanuni ni nyingine. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na soko la pamoja likaanza kazi Julai 2010. Raia wa nchi mwanachama akigongewa stempu mpakani hupewa hadi miezi sita ya kukaa; kufanya kazi au biashara kunataka kibali chake. Novemba 2017 Rais Uhuru Kenyatta alipoapishwa mara ya pili alisema watu wa Afrika Mashariki waje kwa kitambulisho tu, wafanye kazi, walime, hata waoe. Kati ya hotuba hiyo na dirisha la vibali pana safari ndefu, na vijana wa steji wanaishi katikati ya safari hiyo.

Na hapo ndipo ningemkalisha Brayo chini, maana yeye ni msomi. Mgeni asiye na karatasi ndiye anayeshusha bei. Hawezi kushtaki anayempunja, hawezi kukataa mshahara mdogo, hawezi kumwambia mwenye rungu kwamba njugu ni shilingi kumi. Anafanya kazi saa kumi na nne kwa sababu hana mlango mwingine. Ukimfukuza, atakuja mwingine kama yeye, labda mwenye shida zaidi. Ukimwandikisha, akalipa ushuru wa siku kama wewe, akapewa mahali pa kusimama na saa za kufunga kama yule mama wa Bondeni, faida yake ya umaskini inapungua na ushindani unakuwa wa njugu kwa njugu. Kama kamati ya soko lenu ina watu wenye kichwa, lipelekeni hivyo: wasajiliwe, watozwe, wajulikane. Nimeona soko moja dogo, upande wa Kisumu, likifanya hivyo na wauza vitenge kutoka Kongo. Mwaka wa kwanza walinuniana. Mwaka wa pili Mkongomani mmoja alikuwa mweka hazina wa chama cha mazishi, kwa sababu, mwenyekiti aliniambia, ndiye pekee asiye na shemeji hapo wa kumkopesha.

Mwanao huenda asikubali. Usibishane naye sana. Muombe siku moja akae nawe kwenye kibanda kuanzia saa kumi hadi saa moja jioni, ahesabu wateja wako wangapi wamekuacha wakaenda kununua dera kwa Mrundi.

Sasa chumba. Muombe kijana huyo akuonyeshe pasipoti au hati ya kusafiria, na stempu ya kuingia yenye tarehe ambayo bado haijapita. Kama ni mkimbizi, awe na kitambulisho cha mkimbizi. Piga picha, weka. Kumficha mtu unayejua yuko nchini kinyume cha sheria ni kosa chini ya sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011, kwa hiyo kama hana karatasi usimpe, na umwambie wazi ni kwa sababu hiyo. Kama anazo, nenda naye kwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi siku ile ile anapohamia, mchana, majirani wakiona. Usimwingize usiku kama gunia la magendo, maana hapo ndipo uvumi huzaliwa. Muulize watalala wangapi, uandike idadi hiyo kwenye karatasi ya kukodi, mtie sahihi nyote wawili. Kodi iwe ile ile ambayo ungemtoza Mkenya, na diposti ile ile. Na stima: wakikaanga njugu usiku kwa koili, mita itakimbia, hivyo sharti la kukaangia nje kwa jiko la makaa liweke kabla hajaleta beseni.